Kicheko na Neno "Kaza"

Kila asubuhi Kicheko alipiga mswaki uani huku akimchekesha mdogo wake. Jirani ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa meno yake yalikuwa nje muda wote. Asubuhi moja maji yakamchuruzika upande mmoja wa mdomo.

"Dada, unavuja kama ndoo mbovu!" mdogo wake akacheka. Kisha akamsogelea. Jicho la kushoto la dada yake lilikuwa wazi tu, halifumbi.

Mama alimkimbiza hospitali, viatu miguuni havifanani.

"Mshipa wa fahamu wa uso umevimba," daktari alisema. "Vizuri mmewahi." Akampa dawa na plasta ya kufunga jicho wakati wa kulala, akamwelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nyumbani kila mtu alikuwa na neno moja. "Kaza moyo, mwanangu," alisema shangazi. "Kaza, mazoezi ndiyo dawa," alisema mama. Basi Kicheko akakaza kweli. Alijifungia chumbani na kioo, akaukunja uso na kuuvuta mdomo kwa vidole mpaka shavu likauma. Nikibaki hivi je? Nani ataniita Kicheko?

Miezi ikapita, mdomo ukaanza kusogea. Siku moja akatabasamu.

"Dada, mbona unanikonyeza?"

"Sijakukonyeza!"

"Umenikonyeza. Tena hivi sasa!"

Alikimbilia kioo. Kila mdomo ulipocheka, jicho lilijifumba lenyewe. Akapiga yowe.

"Nani alikuambia ukaze hivyo?" aliuliza mtaalamu wa mazoezi, mama alipompeleka kwake.

"Wote," alinong'ona.

"Mishipa imechanganyikiwa. Ukiuita mdomo, jicho linaitika. Sasa tutalegeza. Weka mkono tumboni, vuta pumzi polepole. Unasikia nini?"

"Naogopa."

"Sawa. Usiifukuze hofu. Iambie, 'Nimekuona,' halafu rudi kwenye pumzi."

Ndipo akamfundisha tabasamu dogo, la mtu asiyetaka kumwamsha mtoto mchanga. Hofu haikuisha siku hiyo. Ilikuja, ikaonwa, ikaondoka, ikarudi tena. Lakini taratibu jicho likajifunza kutulia.

"Mama," mtaalamu alisema siku ya mwisho ya mazoezi, mdogo wake Kicheko naye akiwapo, "kamba ya mzigo hukazwa, uso hulegezwa. Nanyi watoto, uso ukipinda ghafla, semeni upesi mpelekwe hospitali. Kisha fanyeni mlivyoelekezwa, msizidishe kwa woga."

Kesho yake mlangoni, Kicheko akienda shule, mama alifungua kinywa aseme neno lake la kila siku. Akajizuia.

"Legeza, mwanangu."

Kicheko akacheka, bila kukonyeza.