Dada wa Kiwandani Amesema

Kila asubuhi, kabla ya chai, dada alisimama mbele ya kioo cha kabati akazungumza na watu wasiokuwepo. "Wateja wetu wapendwa," alisema, kisha akatikisa kichwa, akaanza upya bila neno "wapendwa". Mdogo wake, aliyekuwa akipiga pasi sare ya shule pembeni, aliyarudia maneno yale kwa midomo tu, bila sauti.

Shuleni mdogo huyo aliitwa Redio. Yeye ndiye aliyesoma habari kwenye mkusanyiko wa asubuhi, na hata mkusanyiko ukiisha hakuzimika. Baba yao, fundi cherehani, alipenda kuwaambia wateja wake, "Mkubwa amesomea kuongea mpaka shahada ya uzamili. Mdogo anaongea bila kusomea. Bora cherehani yangu, nikiacha kukanyaga inanyamaza."

Kazi haikumjia dada kirahisi. Alipomaliza masomo alizunguka maofisini na bahasha ya vyeti mpaka soli za viatu zikalika. Kila mahali walimtaka awe na uzoefu, na uzoefu ndio hasa aliokuwa akiutafuta. Mwishowe alikubali kujitolea bila mshahara hospitalini, akipokea simu za watu wenye hasira na kuandika matangazo ya chanjo. Huko alijifunza kuandika sentensi ambayo hata mtu mwenye homa anaielewa. Sentensi hizo ndizo zilizomfungulia mlango wa kiwanda cha maziwa. Aliajiriwa kuwa afisa uhusiano, kwa majaribio kwanza.

"Uhusiano na nani?" majirani walimuuliza.

"Na ninyi mnaokunywa maziwa," alijibu. "Mkiwa na swali au lalamiko, wa kusumbuliwa ni mimi."

Redio aliisimulia kazi hiyo shule nzima. Kwa maelezo yake, kiwanda kisingeweza kufungua hata geti bila kumuuliza dada.

Asubuhi moja dada hakusimama mbele ya kioo. Simu yake ilikuwa imeita mapema, na alipoiweka chini uso ulikuwa umemshuka. Wanafunzi wa shule moja ya mtaa wa pili walikuwa wameumwa matumbo, na watu walisema ni maziwa ya pakiti.

"Ni ya kwenu?" Redio aliuliza.

"Sijui bado. Yanapimwa."

"Si lazima yawe ya kwenu."

"Ndiyo maana nimesema sijui. Na wewe ukiulizwa shuleni, hujui. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Lakini uvumi ulikuwa umetangulia shuleni. Wakati wa mapumziko wanafunzi waliotoka kununua maziwa kwenye duka la karibu na geti walisimama na pakiti zao mikononi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Miongoni mwao alikuwemo Twiga, msichana mrefu aliyekaa dawati moja na Redio.

"Redio, dada yako si yuko kiwandani?" Twiga aliuliza. "Anasemaje?"

Wote waligeuka kumtazama. Jibu alilopewa Redio na dada lilikuwa fupi, tena jepesi, ila mbele ya macho yote yale aliona haya kulitoa. Ni Redio gani asiyekuwa na habari?

"Dada wa kiwandani amesema hayana tatizo," alisema. "Wameshapima." Kisha, kwa kuwa bado walimtazama, akaongeza chumvi. "Hata yeye mwenyewe ameyanywa asubuhi."

Twiga alichomeka mrija kwenye pakiti yake, akanywa yote.

Muda huohuo, kama Redio alivyokuja kujua baadaye, dada alikuwa akibishana na meneja wa kiwanda. Meneja alitaka wangoje majibu ya vipimo. Alihofu kwamba wakiwakataza watu, na kumbe maziwa ni mazima, watakuwa wamejichafua wenyewe. Dada alimwambia waseme kile wanachokijua: kuna watoto wanaumwa, maziwa yanapimwa, na watu wasiyanywe kwanza. Meneja alijikuna kichwa, akakubali shingo upande. "Basi utatangaza wewe, kwa jina lako," alisema.

Tangazo liliposikika redioni mchana, Twiga alikuwa amelala kwenye benchi la ofisi ya walimu, akitapika kwenye ndoo. Walimu walimpeleka zahanati. Wengine wawili walifuata. Mwalimu wa darasa alipouliza kwa nini walikunywa maziwa waliyoyatilia shaka, jibu lilikuwa moja: dada wa kiwandani amesema. Mzazi mmoja aliyefika kumchukua mtoto wake alilisikia jibu hilo, akampigia mwandishi wa habari.

Alasiri dada alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Hakuvua viatu. Aliketi kwenye meza ambayo baba hukatia vitambaa, akaweka simu mbele yake.

"Mwandishi amenipigia," alimwambia Redio. "Anasema asubuhi niliwaambia wanafunzi wa shule yenu wayanywe maziwa, mchana nikatangaza wasiyanywe. Meneja naye anauliza nina midomo mingapi. Wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu," Redio alijibu. "Labda walisikia vibaya."

Dada alimtazama kidogo, kisha akachukua simu, akampigia mwandishi. Sauti yake ilikuwa imara.

"Nimemuuliza mdogo wangu," alimwambia mwandishi. "Hakusema maneno hayo. Hilo nakuhakikishia mimi mwenyewe."

Baba, aliyekuwa akishona pembeni, aliacha kukanyaga cherehani. Alimwangalia binti yake mdogo. Ule uongo alioutoa Redio uwanjani sasa ulikuwa ukitoka kwa sauti ya dada, sauti ileile iliyohangaika miaka mingi mpaka ikapata wa kuisikiliza.

"Nilisema," alitamka. "Dada, nilisema."

Dada alifunika simu kwa kiganja. "Ulisema nini hasa?"

Redio alimweleza yote, mpaka habari ya kuyanywa asubuhi. Dada alifumba macho. Alipoyafumbua, aliirudisha simu sikioni.

"Nilichokuambia sasa hivi si kweli," alisema. "Maneno hayo yalisemwa, na aliyeyasema ni mdogo wangu. Mimi sikumtuma. Nilimwambia aseme hatujui. Na ninachowaambia watu wote hakijabadilika: msiyanywe mpaka tupate majibu." Alisikiliza kidogo. "Ndiyo. Andika pia kwamba mara ya kwanza nilikataa."

Alikata simu, akasimama. Redio alisubiri kugombezwa.

"Vaa viatu," dada alisema. "Tunakwenda zahanati."

Twiga alikuwa kitandani na dripu mkononi. Mama yake, msusi wa nywele, alikuwa ameketi kando bado na aproni ya kazini. Redio aliamkia, akapokewa kwa sauti ndogo, kisha akaeleza alichokifanya. Maneno yalimtoka kwa shida, yeye ambaye hayakuwahi kumpungukia.

"Mwanangu aliogopa kuyanywa," mama alisema. "Kilichomtoa woga ni wewe."

"Nisamehe, mama."

"Mwombe yeye. Tumbo ni lake."

Twiga hakugeuza kichwa. "Ulisema ameyanywa mwenyewe," alisema.

"Nilitunga."

Twiga aligeukia ukutani. Dada aliacha namba yake ya simu kwa mama, akaahidi kumpa majibu ya vipimo yeye kwanza, kabla ya waandishi.

Kesho yake Redio aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akasimama mbele ya mkusanyiko. Hakusoma habari. Alisema kwamba dada yake hakutamka maneno yale, kwamba aliyatunga yeye ili aonekane anajua, na kwamba wenzake wameumia kwa sababu hiyo. Baada ya hapo mwalimu mkuu alimpa mwanafunzi mwingine kazi ya kusoma habari mpaka mwisho wa muhula. Redio hakubisha.

Majibu yalipotoka, ilionekana kuwa mtambo wa kupoza maziwa kiwandani ulikuwa umeharibika. Dada alimpigia mama yake Twiga kwanza, kama alivyoahidi. Kisha alikaa na meneja mbele ya waandishi wakasema wazi kwamba kosa ni lao, na magari yakapita madukani kukusanya pakiti zote. Kwa upande wake, dada hakufukuzwa, lakini majaribio yake yaliongezwa muda. Mshahara kamili ulisogea mbele, na viatu vipya alivyopanga kununua navyo vikasogea. Twiga alipona, akarudi darasani, ila alikaa dawati jingine. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajarudi, bila maelezo, akaweka mkoba wake palepale pa zamani.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu mkuu alimwalika dada aje kuwaeleza wanafunzi kuhusu kazi yake. Aliwaambia habari za chuo, za kujitolea hospitalini, na za kuandika ukurasa mmoja mara nyingi mpaka uwe mistari michache inayoeleweka. Kisha Twiga akanyoosha mkono.

"Na ukiulizwa kitu usichokijua?"

Redio aliinamisha kichwa.

"Unasema hujui, halafu unakwenda kutafuta," dada alijibu. "Ni jibu gumu kulisema mbele za watu, nalifahamu. Chuoni walinifundisha kuyapanga maneno, na nashukuru. Lakini imani ya watu haiji na shahada. Unaipata kidogo kidogo, na inaweza kuondoka kwa sentensi moja ya kujionyesha, yako au ya mtu anayelitumia jina lako. Maziwa yetu yameanza kununuliwa tena tangu tulipokubali kwamba tulikosea."

Alikusanya karatasi zake, akawatazama wote kwa usawa bila kumtaja yeyote.

"Mtu akikuamini," alisema, "atakunywa ulichomwambia anywe. Lifikirie hilo kwanza, kisha ndipo ufungue mdomo."