Kikombe cha Tatu

Mbuzi ndiye aliyeanza. Angalitulia nyuma ya pikapu kama mbuzi mwenye adabu zake, Himid angalifika kwake Nizwa, Oman, kabla ya magharibi, na haya yote yasingalikuwa.

Lakini walipofika Manah mbuzi alikata kamba, akaruka, akaingia kwenye mji wa kale uliohamwa. Himid akasimamisha gari, akatukana, akastaghafiru, akamfuata. Atafanyaje? Kesho mwanawe wa kwanza anatimiza siku saba. Achinjiwe akika, apewe jina. Mkewe Lamees anangoja nyumbani, na Bibi Mabruka wa Unguja aliyemlea, na mkwewe Mahrous, bedui wa Sinaw, aliyemchagua mbuzi huyo kwa mkono wake.

Vichochoro kimya. Kuta za udongo zimebomoka. Jua limeshazama.

Kisha ikaja harufu... Kahawa. Kahawa ya hiliki, imekaangwa sasa hivi. Na nyuma yake harufu nyingine, kali, kama fataki za Idi.

"Karibu, mwanangu."

Toba! Mlangoni kasimama mzee wa Kizungu, mrefu, kilemba cha Kimanga kichwani, bunduki kuukuu begani. Mbuzi kamshika pembe. Na Kiswahili chake ni kile kile cha Bibi Mabruka.

Ndani wanaume wameketi safu mbili, bunduki magotini. Hakuna aliyepepesa jicho. Mbele ya kila mmoja kikombe cha kahawa, na vikombe vyote vimetandwa na utando wa buibui.

Himid alitaka kukimbia. Wallahi alitaka! Lakini Bibi alimlea asikatae cha mwenyeji, wala asiseme basi mpaka mwenyeji achoke mwenyewe. Akaketi penye mto mmoja uliokuwa mtupu.

Kikombe cha kwanza.

"Mimi Mjerumani," mzee alinong'ona huku akimimina. "Nilihamia Unguja ningali kijana, nikaja huku na rafiki zangu. Watu wa nchi moja walipopigana wenyewe kwa wenyewe, nikawa kapteni wa hawa. Wote wamejitolea. Sikumlazimisha hata mmoja."

"Vita hivyo vilikwisha zamani, babu."

"Nani kakwambia?"

Kikombe cha pili.

"Una nani nyumbani?"

"Mke. Na mtoto wa siku sita."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Jina lake?"

"Bado hatujampa."

"Si kitu. Kwetu mtu akiitwa asiitike, huchukuliwa wa damu yake. Jina si lazima."

Kila mtu Oman anajua: ukitosheka, unatikisa kikombe. Himid alijua vizuri sana. Mkono ulikuwa tayari. Akaona haya.

Cha tatu kikamiminwa. Akanywa.

Safu zote mbili zikageuza vichwa, zikamtazama kwa pamoja.

"Ahsante," akasema kapteni. "Tulikuwa thelathini na tisa."

Alifika nyumbani wakati wa isha, mbuzi nyuma ya gari, hajui hata njia aliyopita. Mzee Mahrous akatoka kumpokea mbuzi, anacheka.

"Ulikwenda kumchukua au kumzaa?"

Kisha akaishika kamba. Haikuwa kamba. Ulikuwa mkanda wa ngozi, mkavu, wa kuning'inizia bunduki za zamani. Kicheko kikamwisha. Himid akamweleza yote.

"Ulikunywa vingapi?"

"Vitatu, ammi."

"Hukutikisa?"

"Niliona haya."

Mzee akakaa chini palepale mchangani. "Cha kwanza ni cha ugeni," akasema kwa Kiarabu chake cha jangwani. "Cha pili cha starehe. Cha tatu sisi mabedui twakiita cha upanga. Anayekinywa amekubali kupigana vita vya mwenyeji wake."

"Vita gani? Na nani?"

"Ungemuuliza kabla hujanywa."

Ndani Lamees akapiga kelele. "Himid! Nani kaweka kahawa hapa kwa mtoto?"

Akakimbia. Ubavuni mwa kitanda cha mtoto pana kikombe, kimejaa, kinafuka moshi. Siku hiyo hakuna aliyepika kahawa. Mtoto yu macho, halii, anatazama mlangoni, juu, mahali pa uso wa mtu mrefu. Bibi Mabruka pembeni anasoma Ayatul Kursiy, na ulimi unamkwama.

Harufu ya baruti imejaa chumba.

Himid alimtazama mwanawe. Mapenzi yalimjaa mpaka kifua kikamuuma. Hata jina hajampa. Akakitwaa kile kikombe, akakinywa chote, cha moto vilevile. Kisha akakitikisa. Akakitikisa tena, kwa nguvu.

Kikajaa.

Nje, uani, viatu vikajipanga mchangani. Sauti ya kapteni ikaanza kuhesabu watu, taratibu, haina haraka. Ilipofika thelathini na tisa ikanyamaza.

Ikangoja...

"Usiitike!" Bibi Mabruka akamshika kanzu kwa mikono miwili. "Himid, mwanangu, nakuomba, usiitike!"

Himid akaibandua mikono ya Bibi, kidole kimoja kimoja.

"Naam," akasema.

Hapo ndipo mtoto akalia.