Orodha ya Uongo Homa Bay

Mlango ulijifunga nyuma ya Phanice Arasa.

Akabandika kadi kwenye kufuli ya umeme. Taa nyekundu.

Akabandika tena. Nyekundu.

Miaka kumi na miwili ya ujasusi, bastola ya Glock kiunoni, halafu unanaswa kama kuku katika chumba cha kompyuta cha ghala la mizigo! Elvis, meneja, ndiye aliyemwita humo, akidhani ni fundi tu. Au alishajua kuwa ni jasusi.

Redio ikakwaruza.

"Madam, lori imewashwa," alinong'ona Odhiambo, mwenzake aliyejifanya bawabu langoni. "Iko na bunduki, inaenda mpakani, Migori. Hii geti inafunguliwa na kompyuta. Mimi siwezi zuia."

"Nani ameidhinisha?"

"Screen inasema Nyamweya. Saa hii."

Leo Jumamosi, mchana. Karani Nyamweya ni Msabato wa kweli kweli. Siku hiyo hata simu hashiki. Mwenyewe aliomba jina lake lifungwe kwenye kompyuta ya kazini kila Ijumaa jua likitua, hadi Sabato iishe.

Basi orodha ya wafanyakazi inayosomwa na kompyuta si yenyewe!

Phanice aliirukia kompyuta, akaingia kwa nywila ya fundi, akafungua mipangilio. *Tafuta orodha kiotomatiki.* Mashine ilikuwa ikiuliza mtandaoni nani ana orodha ya majina na kadi, kisha inamwamini yeyote anayetangulia kujibu. Elvis alikuwa amechomeka kwenye mtandao kisanduku chake chenye orodha bandia, kikawa kinatangulia kujibu. Katika orodha yake Nyamweya aliruhusiwa. Phanice hakuwemo kabisa.

"Madam, geti inafunguka!"

Akazima utafutaji. Sasa ilibidi aiambie mashine mwenyewe orodha halisi iko wapi. Anwani ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ubavuni mwa seva, kompyuta kuu iliyotunza orodha hiyo. Akakosea tarakimu, akafuta, akaandika upya.

Hifadhi.

Akaifungua orodha halisi, akalitafuta jina la Elvis na kulifuta.

"Odhiambo?"

"Screen imekataa Nyamweya! Geti imesimama... Inafunga! Dereva ameona bastola yangu, ameinua mikono!"

Phanice akabandika kadi tena, na taa ya mlangoni ikageuka kijani.

Nje ya chumba, Elvis alikuwa kwenye mlango wa nyuma wa ghala akitaka kutoroka, akibandika kadi, akiifuta kwa shati, akibandika tena.

"Usijisumbue, bosi," Phanice alisema, Glock mkononi. "Hapa hufanyi kazi tena."

Akamfunga pingu, akamkabidhi kwa Odhiambo, akatembea polepole kuelekea barabarani.