Rangi ya Nne

Je, wewe umewahi kuinama kuteka maji ya mfereji ukakuta yanapita ya kijani, kijani ya jani changa la mgomba? Wanawake wa upande wa chini waliyaona hivyo asubuhi ya Ijumaa, jua halijatoka vizuri nyuma ya Mlima Meru, miaka miwili kabla Wadachi na Waingereza hawajapigana. Waliacha vibuyu palepale, wakapanda mteremko wakipiga yowe hadi shule ya misheni. Mfereji ule ulipita nyuma ya shule, na siku zile kila jambo geni lilitoka hukohuko.

Mwalimu Aminieli aliwasikia akiwa bado anatafuta tundu la kichwa kwenye kanzu. Alikuwa Mmeru, mtu mzima, goti lake la kushoto likimsumbua kila ukungu ulipotanda, na mwezi ule wa Juni ukungu haukutoka. Alifundisha kuchora, kufinyanga na kusuka vikapu. Rangi zake tatu alizitafuta mwenyewe: udongo mwekundu, udongo mweupe, na mkaa uliosagwa. Ya nne, ya kijani, ilikuwa unga ndani ya kopo kutoka Ulaya, zawadi ya mke wa Mchungaji. Zote alizikoroga kwa kiini cha yai. Basi aliposikia neno "kijani" hakuuliza mara mbili. Alishika njia ya chumba cha kuchorea, akichechemea.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba yake ya ngozi, kama kawaida. Ndani hakukuwa na fujo. Rafuni palikuwa na pengo la kopo. Ukutani palikuwa na pengo la picha. Picha iliyokosekana ndiyo aliyoisifu kuliko zote, aliyochora Nosim: msichana aliyejitwika mzigo wa nyasi mbichi, anapanda kilima, amechorwa kwa nyuma. Aminieli alizoea kubandika picha kwa miiba ya mgunga. Miiba ya picha ile haikutupwa chini. Ilikuwa imelazwa juu ya benchi, ncha zote upande mmoja, karibu na ukuta, mahali mtoto asipoweza kuikalia.

Aliitazama ile miiba kwa muda mrefu, hata akasahau goti.

Bwana Mchungaji alimkuta hapo. Alikuwa Mdachi mwembamba, Kiswahili chake kizito, na nyuma yake ulisikika ugomvi wa wazee wa mfereji.

"Wanasema shule imetia sumu," alisema. "Wanataka mtu. Nosim ana kijani vidoleni."

"Bwana, darasa zima lilipaka kijani jana."

"Wengine wamenawa. Picha iliyopotea ni yake, na yeye hasemi kitu. Nimemwita baba yake. Akifika jioni atamchukua, isipokuwa umeniletea mwingine."

Aminieli alijua kuchukuliwa huko maana yake nini. Nosim alikuwa binti wa Kiarusha, na baba yake alimwacha asome kwa sharti moja: siku shule itakapomkataa, anakwenda kwa mume. Mume mwenyewe alikuwa mzee wa Elerai, mwenye wake tayari, na ng'ombe wa mahari walikwisha chaguliwa.

Alianza na huyo huyo Nosim. Msichana aliinamisha kichwa kama adabu yao ilivyo, naye akamgusa utosini.

"Nani amechukua picha yako?"

"Sijui, Mwalimu."

"Na kopo?"

"La nanyori, lile la kijani? Nilipaka nyasi tu, nikalirudisha rafuni. Wenzangu waliniona."

Aminieli aliukwaruza ukucha wa msichana. Rangi ilibanduka kama gamba. Ilikuwa na yai ndani, ya darasani kabisa. Unga mkavu wa kopo ungebaki vumbi. Lakini nani angemsikiliza habari za yai wakati wazee wanapiga fimbo chini?

"Yule uliyemchora ni nani?"

Nosim alichimba udongo kwa kidole cha mguu. "Ni mtu tu."

"Mtu ana jina."

"Huyu hana, Mwalimu."



Wa pili alikuwa Sadoki, Mmeru mwenzake, mwalimu wa kusoma na hesabu. Huyo alikutwa barazani, kanzu imelowa hadi kiunoni, pindo lote la kijani.

"Usinitazame hivyo," alisema Sadoki. "Najua unachofikiri."

"Wiki iliyopita ulisema utalitupa kopo langu."

"Nilisema. Wanao wanaimba rangi kwa Kimaasai kutwa, nanyokie, naibor, narok, nanyori, wangu nao wanaitikia kutoka upande wa pili badala ya kusoma. Lakini ndugu yangu, kama ningekuwa mtu wa kutupa, ningekutupa wewe kwanza."

"Na hiyo kanzu?"

Sadoki alitoa kopo tupu chini ya benchi. "Nimelitoa mferejini, pale kwenye kona, kifuniko kimefunguka. Nani mwingine angeingia kwenye maji ya baridi vile? Waulize kina mama. Nimeteleza nikakaa chini, wamenicheka mpaka wakasahau kupiga yowe."

Kina mama waliulizwa, wakacheka upya. Walimwona akiingia wakati maji yamekwisha badilika.

Akabaki Kasaine. Alikuwa Mwarusha, fundi wa kuezeka, na siku zile alikuwa akibadilisha nyasi za paa la shule. Jana yake alikuwa ametengeneza benchi la chumba cha kuchorea. Hakuwa msemaji tangu masika yaliyopita, homa ilipopita kwake ikamchukua binti yake, mwanafunzi wa shule hiyohiyo. Aminieli alimkuta chini ya ngazi akichambua nyasi.

"Supai, mzee."

"Epa."

"Jana ulitoka chumbani kwangu saa ngapi?"

"Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Nikafunga kamba."

"Uliziona rangi zangu?"

"Niliziona. Nanyokie, naibor, narok."

"Na iliyopotea?"

Kasaine alinyoosha mkono akachukua konzi nyingine. "Ile ya nyasi za masika," alisema, akaendelea kuchambua.

Aminieli alishukuru, akaondoka, akaketi juu ya jiwe kupumzisha goti. Alikuwa amechoka, angependa kumwambia Bwana Mchungaji kwamba haijulikani, yaishe. Darasani watoto walikuwa wamebaki bila mwalimu, nao kwa kukosa la kufanya wakaanza wimbo wao. Kasaine alikuwa amepanda paani, anapigilia fito. Nanyokie, nyundo ikagonga. Naibor, ikagonga. Narok, ikagonga. Nanyori.

Nyundo ilinyamaza.

Wakaimba tena, ikanyamaza palepale.

Aminieli alijifunika uso kwa viganja. Kimaasai, lugha ya Waarusha, alijifunza ukubwani, kwa kuchunga na kuuza ndizi, na maneno yale kwake yalikuwa rangi tu: nyekundu, nyeupe, nyeusi, kijani. Binti wa Kasaine alimjua kwa jina la ubatizo tu, akasahau kwamba kwao Waarusha humpa mtoto jina kama hilo. Alisahau pia kwamba mtu wao akiondoka duniani, jina lake haliitwi tena nyumbani. Na jina likiwa neno la kila siku, watu wa boma lake hulitafutia neno jingine.

Alasiri, baba yake Nosim akiwa amekwisha kuonekana bondeni, Aminieli aliwakusanya chumbani: Bwana Mchungaji, Sadoki, Nosim na Kasaine. Akaweka miiba juu ya benchi.

"Mtu mwenye chuki angeirarua picha," alisema. "Aliyeitoa hii aling'oa mwiba mmoja mmoja, akailaza isimchome mtoto. Aliipenda. Kisha niliwauliza watu watatu habari ya kopo. Wawili walilitaja kwa jina lake. Wa tatu aliziita rangi zote kwa majina ya wimbo, akafika kwenye ya nne akalizunguka."

"Neno gani hilo?" aliuliza Bwana Mchungaji.

"Sitalisema mbele yake, Bwana. Nimelisema vya kutosha."

Nosim alianza kulia.

Kasaine alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia.

"Kila siku, Mwalimu," alisema taratibu. "Kila siku mnamwita. Watoto waliocheza naye, sauti zilezile. Mtu akiitwa huitika. Mimi niko juu ya paa, nyundo mkononi, nasubiri aitike. Nikasema, kopo likienda, wimbo utaisha."

"Na maji ya watu?" Bwana Mchungaji alikuwa amepandisha sauti. "Na huyu msichana? Ungenyamaza achukuliwe?"

"Nilidhani kopo litazama tu. Habari ya msichana sikuambiwa. Ningeisikia ningeshuka." Alimgeukia Nosim. "Nitakwenda kwa wazee wa mfereji na kondoo. Na baba yako nitamwambia mwenyewe."

Bwana Mchungaji aliwatazama mmoja mmoja. Aliketi kwenye benchi lililotengenezwa jana, akafuta miwani kwa pindo la koti.

"Nosim anabaki," alisema mwishowe. "Twende wote tukamwambie baba yake. Mwalimu, wimbo huo?"

"Umekwisha, Bwana. Watajifunza rangi kwa Kiswahili."

Nosim alijifuta machozi kwa mkono wenye kijani, akajipaka shavu zima. "Mzee," alimwambia Kasaine, "nilimchora kwa nyuma makusudi. Nilidhani kwa nyuma hakuna atakayemjua."

"Bega," alisema Kasaine. "Lile la kushoto liko chini. Alianguka na kuni akiwa mdogo, nikamfunga mwenyewe, nikamfunga vibaya."

Alitia mkono ndani ya shuka, upande wa kifua, akatoa karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara moja tu, katikati ya anga, mkunjo usimguse msichana. Aminieli aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akamrudishia.

"Kopo ulilitupa," alisema kwa upole. "Hii kwa nini hukuitupa pamoja nalo?"

Kasaine aliishika karatasi. Alimtazama msichana anayepanda kilima na nyasi zake. Midomo yake ilijaribu kitu, ikakiacha, ikajaribu tena.

"Nilitaka kumwona," alisema. "Nanyori. Nilitaka kumwona Nanyori."