Kisanduku Ambacho Kiherehere Hakukisoma

Kila akitoka shule, Kiherehere hupitia chumba cha mbele cha nyumba yao, ambako mama yake ana karakana ndogo ya kudarizi. Hutupa begi kitini, huokota vipande vya uzi sakafuni, kisha huuliza maswali matatu kabla mama hajajibu hata moja. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, na hakuna aliyewahi kulipinga, si nyumbani wala shuleni.

Ijumaa hiyo alikuta mashine imenyamaza. Fulana za timu ya wasichana ya mpira wa kikapu zilikuwa zimekunjwa mezani, migongo yake mitupu. Fainali ilikuwa kesho asubuhi, na mwamuzi alikwisha kusema wazi kwamba asiye na namba mgongoni hatacheza. Kiherehere alikuwa mmoja wa wachezaji. Alizitazama fulana zile, kisha akamgeukia mama.

"Mama, mbona hudarizi?"

"Nidarizi na nini, mwanangu? Tangu nitoe fremu ndogo nikafunga ile kubwa ya namba, mashine imegoma. Inalia tii, basi. Na fundi amesafiri mpaka Jumatatu."

Fremu ni ile plastiki inayobana kitambaa kisicheze wakati sindano inapopiga. Kiherehere aliikagua, akaona imefungwa sawasawa. Akavuta kiti mbele ya kompyuta inayoiendesha mashine.

"Niachie mimi. Fulana hizi haziendi uwanjani hivi!"

Alibonyeza kitufe cha kuanza. Tii! Kisanduku chenye maandishi kikatokea kwenye kioo. Kabla jicho halijatua, kidole kilishabonyeza "Sawa", na kisanduku kikatoweka. Akajaribu tena. Tii! Kidole kikawahi tena.

"Imekataa kweli," alisema. Akafungua sehemu ya Msaada, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu, akaandika: Samahani, naomba kusaidiwa, mashine ya mama yangu imegoma na kesho tuna mechi.

Kurasa zikamiminika. Ya kwanza ilieleza jinsi ya kupangusa vumbi kwenye mashine. Ya pili ilieleza jinsi ya kuihamisha mashine kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kiherehere alisoma, akasoma, mpaka macho yakamwasha.

"Labda imechukia kwa sababu hukuisalimia," mama alisema. Alikuwa akitania, lakini sauti yake ilikuwa imechoka.

Wakati huo huo mjomba aliingia kuchukua suruali aliyoileta itiwe zipu. Mjomba alikuwa mtunza stoo ya vipuri vya magari, na kutwa nzima alikuwa akitafuta vipuri kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona nyuso zenu zimekunjamana kuliko suruali yangu?"

Walimweleza. Mjomba alisoma yale aliyoyaandika Kiherehere, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Kule dirishani kwangu watu huja wakisema, 'Nipe kile kidude, gari linalia.' Gari gani? Linalia wapi? Nawe umefanya yale yale. Kompyuta haimjui mama yako, wala haina habari na mechi. Inatafuta maneno tu, na neno 'mashine' limo karibu kila ukurasa. Haya, mashine yenyewe inasemaje?"

"Inasema tii."

"Na maandishi?"

Kiherehere aliinamisha kichwa. "Kuna kisanduku, lakini nakifunga."

"Unakifunga hujakisoma? Mtu amekuja kukueleza shida yake, wewe unamfungia mlango, halafu unawauliza majirani ana shida gani!"

"Kaka, si umfanyie tu?" mama alisihi. "Jioni inaingia."

"Nikimfanyia, wiki ijayo mtaniita tena. Ataweza. Mtazame alivyokaza uso."

Kiherehere alibonyeza kitufe cha kuanza, kisha akaikalia mikono yake isimponyoke. Tii! Akasoma kwa sauti: "Mchoro umezidi eneo la fremu."

"Andika hayo kwenye Msaada, uyatie ndani ya alama za kunukuu," mjomba alisema. "Hapo itatafuta maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo."

Aliandika. Jibu likaja: Hakuna kilichopatikana.

Machozi yalimlengalenga, lakini hakuinuka. "Sasa nifanyeje?"

"Badilisha swali. Huenda aliyeandika msaada alilisema jambo hilo kwa namna nyingine: unapozidi, ikizidi, yaliyozidi. Ondoa alama za kunukuu. Weka nyota mbele ya 'zidi', kisha neno 'fremu'. Hiyo nyota inashika nafasi ya herufi zozote zile."

Akaandika: *zidi fremu. Safari hii kurasa zilikuja, ila nyingi zilihusu fremu ya kofia. Kiherehere alikunja uso, akafikiri.

"Sisi hatudarizi kofia. Naweza kuiambia isiniletee kofia?"

"Hilo sasa ndilo swali! Weka alama ya kutoa mbele ya neno 'kofia', usiache nafasi kati yake."

Alipoongeza -kofia, zilibaki kurasa chache tu. Alizipitia kwa kidole, polepole, mpaka akafika kwenye kichwa kisemacho: Mchoro unapozidi eneo baada ya kubadilisha fremu. Ukurasa ulieleza kwamba kompyuta haioni fremu iliyofungwa. Lazima iambiwe ukubwa wake kwenye Mipangilio, la sivyo itadhani ile ndogo bado ipo, na itakataa kudarizi ili sindano isigonge plastiki ikavunjika.

"Kumbe ilikuwa inanilindia sindano!" mama alisema. "Nami nimeitukana tangu asubuhi."

Kiherehere alichagua fremu kubwa, akabonyeza. Sindano ikaanza kupiga, na namba nne ikachomoza juu ya kitambaa. Mama alipiga kigelegele peke yake.

Waliifanya kazi hiyo pamoja, fulana baada ya fulana, mpaka ikabaki ya Kiherehere. Sindano ilipofika katikati ya namba saba, tii! Kidole kikaruka kuelekea "Sawa", kikasita hewani.

"Uzi wa chini unakaribia kwisha," alisoma.

Mama alitia uzi mpya, kazi ikaendelea. Kisha akamtazama binti yake.

"Bidii unayo, mwanangu, tena nyingi. Lakini kubonyeza kwa bidii hakutoshi. Soma kwanza unachoambiwa. Ukiuliza, chagua maneno yanayolenga shida yako. Na ukikosa jibu, badilisha swali kama ulivyofanya leo, usikate tamaa."

"Maneno mazuri sana hayo," mjomba alisema. "Na zipu yangu je?"

Asubuhi, mwamuzi alipita nyuma ya wasichana akikagua migongo. Alipofika kwa Kiherehere, alisimama.

"Saba," alisema. "Ingia uwanjani."

Naye akaingia.