Kitatange Aliyetiwa Tangini Kabla ya Wakati

Nina miaka thelathini na moja, naishi peke yangu katika chumba kimoja Mchafukoge. Wenzangu, nilibakiza kidogo tu niitwe mke wa mtu...

Nilikuwa mtunza tangi la samaki wa baharini kwenye ukumbi wa hoteli moja ya mjini. Maji nikiyafuata ng'ambo ya Magogoni, yaliko safi. Samaki mgeni sikumchanganya na wenzake. Alikaa kwenye beseni lake mwezi mzima, na wavu wake haukugusa tangi, maana vijidudu vya maradhi ya madoa meupe huja na samaki anayeonekana mzima kabisa.

Rashidi, mhudumu wa meza hapo hapo, alikuwa mchumba wangu. Posa ilishapokelewa, kanga za harusi tulishazichagua Kariakoo. Alipenda kunitania mbele ya wenzetu.

"Ndugu Zaituni, nchi nzima inahamia vijiji vya ujamaa kuishi pamoja, wewe bado una ubaguzi? Huyu samaki kakosa nini?"

"Hajakosa. Asubiri tu. Nikimwingiza leo, nitawazika wote."

"Basi na mimi utaanza kuniweka kwenye beseni?"

Walicheka. Hata mimi nilicheka.

Siku moja wakubwa fulani walitarajiwa hotelini. Nikiwa nimefuata maji, Rashidi akamchukua samaki mgeni kwenye beseni, kitatange wa manjano, akamtia tangini ili ukumbi upendeze. Niliporudi nilimtoa haraka. Ingesaidia nini? Vijidudu vilishaingia majini.

Baada ya siku chache madoa kama chembe za chumvi yakatapakaa mapezini. Samaki wakajisugua kwenye mawe, wakahema juu juu... Dawa niliitafuta mjini kote, sikuipata. Wakafa mmoja mmoja, wageni wakitazama.

Kikao kikaitwa. Meneja akauliza nani alileta maradhi yale. Nilimtazama Rashidi.

"Mtunzaji ni Zaituni," alisema, macho chini. "Mimi kazi yangu sahani."

Je, ningemsuta hadharani mume wangu mtarajiwa? Nilinyamaza, nikimngoja ajirekebishe... Nikafukuzwa.

Jioni alikuja kunibembeleza. Eti ilikuwa lazima mmoja wetu abaki na kazi. Nilimwambia achukue posa yake.

Dada zangu, kaka zangu, anayefuga samaki wa baharini amtenge kila mgeni, awe mzuri namna gani. Ukisubiri uone madoa, umechelewa. Na ukisingiziwa kikaoni, jitetee pale pale, hata kama anayekusingizia unampenda.

Rashidi hupita Mnazi Mmoja, karibu na kwangu, akitoka kazini, sare yake imepigwa pasi. Hunisalimia kwa adabu sana. Naitikia, nazidi kutafuta kazi.