Kikopo cha Kwanza

Marehemu alikuwa paka. Alilala ubavu chini ya dirisha la chumba cha ndani, nyumbani kwa Zahor bin Mbarouk mwenye duka, hapa Chole, miguu imenyooka na masharubu yamepakwa kitu cheupe. Enzi za uhai wake aliitwa Sultani, na hapakuwa na jiko mtaani ambalo halikumlipa kodi ya samaki.

Shaushi Mfaume wa polisi ya Wadachi alivua tarabushi lake kwa heshima, akainama, akamnusa marehemu mdomo. Kwa muda mrefu hakuwa amepata kesi kubwa kuliko ya mbuzi, kwa hiyo hakutaka kuharakisha.

"Waridi," akasema. "Amelamba nini?"

"Marhamu ya mke wangu," Zahor akajibu. "Lakini sikukuita kwa ajili ya paka, Shaushi. Uso wa Thuwaiba umeungua."

Shaushi akavaa tarabushi lake.

Mambo yalikuwa hivi. Zahor alipoposa, alileta kutoka Dar es Salaam kikopo cha kaure chenye marhamu ya Ulaya. Akatoa sharti: bibi harusi wake apakwe hiyo tu, asisuguliwe singo la liwa na manjano kama wari wote wa kisiwani. Siku ya harusi Thuwaiba alitoka ndani anang'aa mpaka waliokuja kupiga vigelegele wakasahau kazi yao. Sifa zote zikaenda kwa kikopo. Zahor naye akaagiza kasha zima la kuuza dukani.

Kasha lilifika jana. Jioni Thuwaiba alifungua kikopo kipya, akajipaka bila hofu, akalala. Asubuhi uso umevimba na kubabuka. Paka akalamba kilichobaki.

"Unamshuku nani?"

"Biubwa, somo wake. Alikuwa humu jana. Tangu harusi kila mwari anataka kikopo, yeye hatakiwi tena. Ametia sumu. Mfunge leo."

Somo ndiye anayempokea mwari, akamfunda, akamsugua, akamtoa bibi harusi. Biubwa hakuwa na kazi nyingine, wala mtoto wa kumtunza uzeeni. Akilala bomani hata mara moja, hakuna mama ambaye angemkabidhi tena binti yake.

"Kwanza nimhoji majeruhi," Shaushi akasema.

Thuwaiba alihojiwa nyuma ya pazia.

"Kikopo kipya ulikifungua wewe?"

"Mimi mwenyewe. Kilikuwa na lakiri yake."

"Imevunjwa?"

"Nzima."

"Marhamu yake ina rangi gani?"

"Nyeupe pe."

"Na ya harusi?"

"Ile ilikuwa na umanjano. Na ilikuwa na chengachenga."

"Hukushangaa?"

"Mume wangu alisema nyeupe zaidi ndiyo bora zaidi."

Zahor akakohoa.

Shaushi akaomba kikopo cha harusi. Thuwaiba alikuwa amekihifadhi kwa mapenzi, akitilia pete zake. Shaushi akapitisha ukucha ndani ya mfuniko, ukatoka na unga wa manjano. Akaunusa. Liwa.

Kisha akaenda dukani, akachagua kikopo kingine ndani ya kasha, akavunja lakiri mbele ya mwenye mali. Kilikuwa cheupe pe, kinanukia waridi.

"Jipake mkononi, Bwana Zahor."

"Nimetawadha."

"Adhuhuri bado."

"Napenda kuwahi."

Shaushi akajipaka mwenyewe kwenye kiganja. Kahawa aliyoletewa ilikuwa haijapoa alipoanza kujikuna, na haijaisha alipoomba maji ya kunawa.

"Hakuna aliyechezea kikopo kipya," akasema huku anapuliza mkono. "Hivi ndivyo vilivyo vyote. Kilichochezewa ni kile cha kwanza. Mwite Bi Biubwa."

Biubwa alikuja na bakuli la tui la nazi. Alikuwa amekwisha sikia habari.

"Shikamoo, Bi Biubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Kila kinachomgusa mwari, nani hukifungua kwanza?"

"Somo wake. Ndiyo ada."

"Kikopo cha harusi ulikifungua wewe?"

"Nani mwingine?"

"Kilichokuwemo kilikwenda wapi?"

Biubwa akatazama tui. "Chooni," akasema.

"Ulijua ni sumu?"

"Natamani ningejua, leo ningejisifu. Nilimwaga kwa wivu tu. Nilimsugua mama yake huyu, nikawasugua dada zake. Ilipofika zamu yake nikaambiwa niweke singo langu kando, kikopo kifanye kazi. Nikasema haya, sifa ziende kwa kikopo, lakini ngozi iwe kazi ya mkono wangu. Nikatia liwa, manjano na mafuta ya nazi niliyopika mwenyewe. Walipokisifu, nilicheka peke yangu jikoni."

"Na jana?"

"Nilisikia kasha limefika. Nikaja kumwambia ukweli. Nikawakuta wageni wanamuuliza siri ya uso wake, naye anawaonyesha kikopo. Nikanywa kahawa, nikaondoka."

Zahor alitaka kusema, Shaushi akamwinulia mkono uliobabuka.

"Mtu hujipaka kidogo kitu asichokijua," Biubwa akaendelea. "Ningekiacha kile cha kwanza, angewashwa, angenawa, yangekwisha. Mimi ndiye niliyemfundisha kukiamini."

Shaushi alitafuta kosa la kumshtaki. Serikali ilikuwa na adhabu kwa anayetia sumu, lakini kwa aliyeimwaga hakukumbuka yoyote. Akaamuru kasha lipelekwe bomani, na marehemu Sultani azikwe mbali na kisima.

"Somo." Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Kila siku ulinipaka, ukaniambia ni zawadi ya mume wangu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi niliwaambia watu wote ni kikopo. Ungeniambia, ningewaambia ni wewe."

Biubwa akalisogelea pazia na bakuli lake. "Nimekuletea tui. Linapoza. Nikupake?"

"Liweke hapo. Nitajipaka mwenyewe."

Akaliweka. Mkono ukatoka, ukalivuta bakuli ndani, pazia likashuka. Zahor aliondoka kwenda dukani kwake, ambako hakukuwa tena na kikopo cha kuuza. Shaushi alijifanya anachunguza dirisha.

Biubwa alibaki amesimama, vidole vimelowa tui, hajui avifutie wapi.